Harusi na Kiharusi

Jumatano ile mvua ilipiga Fort Portal
hadi bati likatuzidi sauti.
Tulikaa kumi na mmoja sebuleni kwa mama mkwe,
daftari la kamati mezani, kando ya karanga,
na swali moja halijajibiwa:
bibi harusi aingie kanisani na nini?

Mchungaji kashatuma neno: ngoma zisubiri nje
mpaka viapo viishe.
Shangazi Munduru kasafiri usiku kucha kutoka Arua,
adungu ya mwanawe imefungwa kwa kitenge
kama mtoto mwenye homa,
hataki kusikia habari ya kinanda.
Mama Abwooli anataka kwaya, sauti nne, sare ya kijani.
Na Isingoma, kijana wa muziki, ana nyimbo elfu mbili kwenye simu;
mtu akisema neno, yeye anabonyeza moja,
sekunde tano,
zinatosha kuuchukia wimbo wowote.

Baba hakuchangia.
Miaka thelathini na mmoja katika bendi ya polisi
alibeba besi, lile pembe kubwa la shaba
linalomvaa mtu badala ya mtu kulivaa.
Kaingiza maharusi wa watu Jumamosi kwa Jumamosi,
mabinti wa mawaziri, mabinti wa wenye vituo vya mafuta,
akalipwa soda na nauli.
Yeye na mama walioana kambini, mwaka wa milio mingine,
taa zimezimwa, padri ananong'ona,
hata vigelegele vikamezwa na viganja.

Sasa nusu ya mdomo wake haimtii.
Kiharusi. Sijui nani aliyekipa jina hilo,
harusi ndogo, iliyomfikia Pasaka
kabla ya hii yangu.
Chai humtoka upande wa kushoto,
na besi iko uvunguni, imelala na viatu vya gwaride.

"Araali, wewe wasemaje?"
Mama Abwooli ndiye aliyempa jina hilo la heshima,
siku ya kwanza, pale pale getini.
Alimuuliza kwa Kiswahili,
maana Kilugbara hakijui, na Kitoro baba hakijui,
na lugha hii wanayoicheka Kampala
kuwa ni ya askari na wezi
ndiyo iliyowakalisha kochi moja.

Baba alinyamaza.
Lakini vidole vyake vitatu vya kulia
vilikuwa kwenye mkono wa kochi,
vinashuka, vinapanda.

Nikakijua.
Kambini ni ukuta kwa ukuta, koplo wa jirani ana zamu ya alfajiri,
kwa hiyo baba alifanya mazoezi bila kupuliza:
pumzi tu ndani ya bomba,
na vibonye. Tk. Tk-tk. Hhh. Tk.
Nililala kwa sauti hiyo miaka kumi.
Sikuwahi kujua kama ni wimbo wa mazishi
au wa kupandisha bendera.

Nikasema, andikeni hicho.
Katibu akainua kalamu: "Kinaitwaje?"
Isingoma akaanza kukitafuta kwenye simu.

Jana tumejaribu, kanisani, mabenchi matupu.
Baba kakaa mbele, besi mapajani,
kinywa mbali na shaba.
Mtoto wa shangazi akaiegemeza adungu, akatega sikio,
akakosea, akakosea tena,
akapata uzi mmoja wa chini
akavifuata vibonye
kama mtu wa nyuma anavyofuata tochi ya mwenzake.
Kwaya itaimba nikishafika madhabahuni.
Mama Abwooli kakubali, kwa kununa kidogo.

Ni hatua thelathini na nne kutoka mlangoni.
Nilizimaliza mbio.
"Polepole," akasema baba,
neno limepinda upande mmoja,
"hili si gwaride."

Nikarudi mlangoni.
Tk. Tk-tk.
Nikainua mguu,
nikasubiri pumzi.